Betri inakata kabla ya keki: hesabu saa, si picha

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Tanga. Kwa miaka sita nilitumia Canon 700D, betri moja na nyingine ya akiba zilinitosha sherehe nzima. Mwaka huu nimenunua Sony a6000 iliyotumika, nilivutiwa na wepesi wake. Ilikuja na betri yake ya asili, nami nikaongeza mbili za dukani zilizoandikwa 2000 mAh (kipimo cha chaji inayobebwa). Hakuna hata moja inayofika saa nzima. Ile ya asili huonyesha asilimia 45, kisha kamera inazima ghafla. Nikiiwasha tena inapiga picha tatu na kuzima. Moja ya zile mpya siku hizi inakwama nikitaka kuitoa. Jumamosi iliyopita nilikosa keki ya sendofu kwa sababu nilikuwa nabadilisha betri. Wenzangu wanasema kamera ni mbovu, niiuze. Niiuze? Na nifanyeje betri zidumu?

JIBU: Marahaba, dada yangu, na pole kwa keki. Keki haikatwi mara mbili, na mama wa bibi harusi huwa wa kwanza kuiulizia picha yake. Usiiuze kamera bado. Kwa maelezo yako naona matatizo matatu yaliyokutana siku moja yakaonekana kama moja. Betri ya asili imezeeka. Zile mbili za dukani hazijawahi kuwa na uwezo ulioandikwa juu yake. Na wewe umehama kutoka aina moja ya kamera kwenda nyingine bila mtu kukueleza kwamba hesabu ya betri nayo inahama. Naanza na hili la mwisho, maana ndilo linalowafanya watu wauze kamera nzima.

700D yako ilikuwa na kioo cha ndani. Ulipochungulia kwenye tundu, ulichokiona ni mwanga wenyewe: umeingia kwenye lenzi, umegonga kioo, umepanda hadi jichoni kwako. Mwanga huo haulipiwi umeme. Kati ya picha na picha, kamera ile ilikuwa kama imesinzia, inaamka ukibonyeza tu. a6000 haina kioo hicho. Chochote unachokiona, uwe unachungulia tunduni au unatazama skrini ya nyuma, ni televisheni ndogo inayowaka. Sensa, kile kipande kinachopokea mwanga na kuugeuza picha, inafanya kazi, prosesa, ubongo wa kamera, inafanya kazi, skrini inafanya kazi, hata kama MC bado anahutubia na hujapiga picha hata moja.

Ushahidi umo ndani ya kamera yako ya zamani. Canon waliipa 700D takriban picha 440 kwa betri moja ukipiga kwa kuchungulia tunduni. Ukiacha tundu ukapiga kwa kutazama skrini ya nyuma, idadi inashuka hadi takriban 180. Kamera ni ile ile, betri ni ile ile. Kilichoongezeka ni sensa na skrini kuwaka muda wote. Sasa tazama a6000: Sony waliipa takriban picha 360 kwa skrini na 310 kwa tundu, tena kwa betri iliyo ndogo kuliko ya Canon. Kwa hiyo kamera yako mpya si mlafi. Katika kazi ya namna hiyo hiyo inabana matumizi kuliko ile ya zamani. Na angalia vizuri hizo namba mbili: tundu ndilo linalokula zaidi. Wengi wanazima skrini na kuchungulia tunduni wakidhani wanaokoa chaji, na kwa kamera za aina hii wanafanya kinyume.

Namba hizi za picha zinatoka wapi? Tangu mwaka 2003 chama cha watengenezaji kamera cha Japani, CIPA, kina utaratibu wa kupima betri ili kampuni zote zipime kwa kipimo kimoja. Kamera inawekwa kwenye joto la nyuzi 23, inapiga picha moja kila baada ya sekunde 30, na kama ina flashi yake ya ndani, nusu ya picha hupigwa kwa flashi. Hakuna anayepiga harusi hivyo. Lakini chukua ile 360 uizidishe kwa nusu dakika: unapata dakika 180, yaani saa 3. Hiyo ndiyo namba ninayotaka uikariri. Betri nzima, mpya, kwenye a6000, ni kama saa 3 za kamera kuwa macho katika hali ya upole. Ukibonyeza mfululizo bwana harusi anapoingia, unaweza kupata picha elfu na zaidi ndani ya saa hizo. Ukikaa na kamera wazi ukingoja bibi harusi atoke saluni, unaweza kumaliza betri nzima na picha 60 mkononi. Betri hailipwi kwa picha. Inalipwa kwa muda.

Kwenye harusi halisi, ukumbi una giza, skrini umeiongeza mwanga, lenzi inafokasi bila kupumzika, na katikati unarekodi video fupi fupi. Hapo mimi huhesabu saa moja na nusu hadi saa 2 kwa betri nzima. Wewe hufiki saa moja, kwa hiyo bado kuna kasoro, na sehemu kubwa iko kwenye betri zenyewe.

Betri ya a6000 inaitwa NP-FW50. Imekuwapo tangu 2010, na Sony wameitumia kwenye kamera nyingi, kuanzia NEX za kwanza hadi ZV-E10 ya 2021. Ya asili imeandikwa volti 7.2 na 1020 mAh, ambayo ni sawa na 7.3 Wh. Hiyo Wh, wati-saa, ndiyo namba ya kulinganishia betri, kwa sababu inahesabu volti na mAh kwa pamoja. Ya 700D ilikuwa na kama 8.1 Wh.

Sasa zile zako zilizoandikwa 2000 mAh. Umbo la NP-FW50 halibadiliki. Lisipokuwa vile halitaingia kwenye kamera. Ndani yake kuna seli mbili ndogo za lithiamu zilizounganishwa moja nyuma ya nyingine. Kiwanda chenyewe kiliweza 1020. Watengenezaji wazuri wa nje hufika hapo hapo, au huongeza kidogo sana. Anayeandika 2000 kwenye gamba la ukubwa ule amechapisha namba, hajatengeneza betri. Nami niliwahi kununua nne za namna hiyo katika duka moja wakati naanza kazi, kwa sababu muuzaji alinihakikishia kwamba namba kubwa ndiyo betri kubwa. Baada ya miezi michache mbili zilivimba, na mbili zilizobaki hazikumaliza hata mawaidha ya nikahi. Tangu siku hiyo nikiona betri imezidisha namba kupita ya kiwanda, nairudisha mezani. Iliyoandikwa kwa unyoofu 1030 naiamini kuliko iliyoandikwa 2000.

Una njia rahisi ya kuichunguza betri kabla hata ya kuichaji: mzani. Nenda kwa mtu mwenye mzani mdogo wa kupimia dhahabu au viungo, weka ya asili, kisha weka ya dukani. Uzito wa betri ni seli zilizomo ndani. Ikiwa ya dukani ni nyepesi waziwazi kuliko ya asili, hakuna namna iwe na uwezo mara mbili.

Tofauti nyingine utaiona kwenye asilimia. Betri ya asili inazungumza na kamera, inaiambia imebakiwa na kiasi gani. Nyingi za bei rahisi hazisemi ukweli huo vizuri: zinakaa kwenye 80 muda mrefu, zinaruka hadi 30, kisha kimya. Ukiwa na betri za namna hiyo usiamini asilimia, amini saa ya mkononi.

Lakini yako ya asili nayo inazima kwenye asilimia 45, na hilo lina maelezo yake. Fikiria tangi la maji lililo juu ya nyumba, na bomba lake limeziba kwa chumvi za miaka mingi. Tangini maji yapo. Ukifungua bomba moja la jikoni, yanatiririka. Ukifungua la jikoni na la bafuni kwa pamoja, yanakata. Betri ya lithiamu ikizeeka, njia ya umeme ndani yake inabana hivyo hivyo. Skrini peke yake inaimudu. Flashi ikianza kujichaji, lenzi ikizungusha mota na kamera ikiandika picha kwenye kadi, vyote kwa mara moja, volti inaporomoka na kamera inajizima ili isiharibu data. Ukiiwasha tena baada ya dakika, betri imepumzika, volti imepanda kidogo, unapata hizo picha tatu. Kwa hiyo ile asilimia 45 haikukudanganya. Chaji ipo, ila haitoki kwa kasi inayotakiwa. Hakuna ufundi wa kuirudisha. Betri za aina hii kwa kawaida huenda mizunguko 300 hadi 500 ya kuchaji kabla ya kudhoofika kiasi cha kuonekana, na hata zisipotumika zinazeeka kwa umri wake. a6000 ilitoka 2014. Ikiwa betri uliyopewa ni ya umri wa kamera yenyewe, imeshafanya kazi yake yote.

Kabla hujatoa hela, fanya jaribio hili nyumbani. Litakuchukua jioni mbili. Chaji zile betri mbili zisizokwama hadi taa ya chaji izime yenyewe; ile inayokwama iache kabisa, nitaieleza mwisho. Zipe namba kwa kalamu isiyofutika au kwa rangi ya kucha: 1, 2. Weka ya kwanza kwenye kamera, ielekeze ukutani, anza kurekodi video, na uandike saa. Kila rekodi itajikata karibu na dakika ya 29, wewe bonyeza tena mara moja. Endelea hadi kamera izime, andika muda. Rudia kwa 2, chumba kile kile, mwangaza wa skrini ule ule. Betri nzima itarekodi zaidi ya saa moja bila wasiwasi. Iliyozima kwenye dakika 25 au 30 imekwisha, hata iwe mpya namna gani.

Ukiweza, azima kwa mwenzako betri ya asili anayoiamini uijaribu pia, maana hiyo ndiyo itakayokuambia kama kamera yako ni nzima. Ya kuazima ikienda vizuri, kamera haina neno. Nayo ikiisha haraka kama zako, hapo nitakubali kutazama kamera.

Na jambo la kwanza nitakalotazama kwa kamera iliyoishi Tanga ni vidole vya shaba ndani ya chumba cha betri, vile vinavyogusana na betri kupitisha umeme. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na ile rangi ya kijani au weusi kwenye shaba inatosha kuzuia umeme. Toa betri, chukua pamba ya masikioni iliyoloweshwa kidogo kwa spiriti safi, futa vidole vya kamera na vya betri, acha vikauke kabisa. Usitumie msasa. Msasa unaondoa mng'ao uliopakwa kiwandani, na baada ya hapo kutu huja kwa kasi zaidi. Futa hivyo hivyo vidoti vya dhahabu kati ya lenzi na kamera, kwa sababu mguso mbaya pale huifanya lenzi ihangaike kufokasi.

Jaribio la pili la kamera ni la usiku. Betri iliyojaa iweke kwenye kamera, zima swichi, lala. Asubuhi angalia asilimia. Ikishuka kwa moja au mbili, sawa. Ikishuka kwa 20, kuna kitu kinakunywa umeme wakati kamera imezimwa, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye mita. Wakati mwingine chanzo ni betri yenyewe kuvuja ndani kwa ndani, kwa hiyo usiku wa pili iache betri ileile mezani nje ya kamera, uone kama itashuka vile vile. Na kama kamera inakuuliza tarehe kila ukibadilisha betri, hilo ni jambo dogo: ina kibetri cha ndani cha saa ambacho huchajiwa na betri kubwa. Iache na betri iliyojaa, swichi imezimwa, kwa siku nzima na zaidi, kitajaa.

Tukija kwenye matumizi, kuna mwizi mmoja ambaye karibu kila mwenye a6000 anayekuja kwangu hajamtambua. Juu ya skrini, kando ya tundu la kuchungulia, kuna kijicho kidogo kinachohisi uso ukikaribia. Kikihisi uso, kinazima skrini na kuwasha tundu. Sasa wewe unatembea ukumbini, kamera inaning'inia shingoni, mgongo wake umeegemea tumbo au kanga uliyojifunga. Kijicho kinadhani hiyo ni sura ya mtu. Tundu linawaka, linabaki linawaka, na kamera hailali kwa sababu inaamini unachungulia. Nusu saa nzima ya chakula inaliwa hivyo, na tundu, kama nilivyosema, ndilo linalokula kuliko skrini. Dawa ni mbili: ama ingia kwenye menyu uchague mwenyewe skrini au tundu badala ya kuiachia kamera ichague, ama zoea kuzima swichi kila unapoiacha kamera iningʼinie. Mimi nafanya la pili. Kidole cha shahada kipo pale pale kwenye swichi, na ndani ya wiki moja mkono utafanya bila kufikiri.

Baada ya hilo, weka muda wa kulala uwe dakika 1. Kamera nyingi za mitumba nimezikuta kwenye dakika 5 au 30, mwenye nazo wa kwanza alizipanga hivyo. Washa hali ya ndegeni kwenye menyu ya kamera, kama unavyofanya kwenye simu, ili waifai isitafute simu yako ukumbini. Kuna kipengele kinachoifanya lenzi ifokasi wakati wote hata kabla hujagusa kitufe; kizime, kwenye a6000 kinakula bure. Zima pia picha kujionyesha yenyewe baada ya kupigwa. Mwangaza wa skrini usiwe ule wa juani unapokuwa ndani ya ukumbi. Ule wa juani uwashe mchana ufukweni, ukimaliza urudishe.

Halafu kuna shangazi na wifi. Najua haiwezekani kumwambia shangazi wa bibi harusi kwamba hataona picha. Lakini kila "hebu nione" ni dakika mbili tatu za skrini kuwaka, na wakiwa kumi umepoteza nusu saa ya betri. Ninachofanya ni kuchagua picha tano nzuri mapema, nazihamishia kwenye simu wakati wa chakula, na shangazi anaangalia kwenye simu, tena anazifurahia zaidi kwa sababu ni kubwa.

Flashi ya ndani ya kamera iache ipumzike. Kila mwako inaichaji upya kutoka kwenye betri hiyo hiyo ndogo, na mwanga wake ni mkali usoni na haufiki mbali. Nunua flashi ya juu inayojitegemea, hata iliyotumika, yenye betri zake nne ndogo za ukubwa wa AA. Hapo usitie zile za redio na tochi. Zitawasha mara chache kisha flashi itakaa sekunde nyingi bila kurudi, na bibi harusi ameshapita. Tia za nikeli za kuchaji. Zimeandikwa volti 1.2 badala ya 1.5, na watu huzikataa kwa sababu hiyo, lakini zinatoa umeme kwa nguvu na kwa kasi, na flashi inarudi haraka zaidi. Tafuta aina isiyopoteza chaji ikikaa. Sanyo waliileta sokoni mwaka 2005 kwa jina la Eneloop, na sasa watengenezaji wengi wanayo.

Kuhusu kuchaji, huenda nalo linakuibia bila kujua. a6000 huuzwa na waya wa kuchajia betri ikiwa ndani ya kamera, na kwa njia hiyo betri tupu inachukua karibu saa 5 kujaa. Ukirudi saa 8 usiku umechoka, ukachomeka, kisha umeme ukakatika au ukaichomoa alfajiri kuwahi kazi nyingine, hukuwa na betri iliyojaa. Tena, wakati inachaji kamera haipigi picha. Nunua chaja ya nje yenye nafasi mbili, inayotumia USB, ili kamera ifanye kazi na betri zijazwe pembeni. Muda wa kuchaji nao ni kipimo: betri iliyokuwa tupu kabisa ikionyesha imejaa baada ya dakika 50 kwenye waya ule wa saa 5, haijachajiwa haraka. Imepungua tumbo.

Na yule atakayekuambia betri mpya ichajiwe saa 8 mara ya kwanza, au uiache iishe kabisa ndipo uchaji isije "ikakariri", anakumbuka betri za zamani za nikeli na kadimiamu. Lithiamu haikariri. Inapenda kuchajiwa kidogo kidogo, na haipendi kuachwa tupu kwa wiki kadhaa. Adui yake mkubwa ni joto likikutana na chaji iliyojaa. Betri iliyojaa ikakaa mwaka mzima kwenye nyuzi 40 inaweza kupoteza hata theluthi ya uwezo wake, na iliyobaki na nusu ya chaji mahali penye ubaridi wa kawaida hupoteza kidogo tu. Kwa Tanga maana yake ni hii: usiache begi kwenye gari juani, na miezi isiyo na harusi usizihifadhi betri zimejaa. Ziache nusu, kabatini, mbali na ukuta unaopigwa na jua la mchana.

Baridi wewe haikuhusu sana, ila kama utapata kazi ya kupiga watu wanaopanda Kilimanjaro, fahamu kwamba juu kule betri iliyojaa inaweza kuonekana tupu. Haijaisha. Itie ndani ya koti karibu na mwili, ikipata joto inarudi.

Sasa hesabu ya kazi. Sendofu ya saa 12 jioni hadi saa 6 usiku ni saa 6. Kwa saa moja na nusu kwa betri, unahitaji nne. Ukifuata hayo ya kijicho na swichi, tatu zinatosha na ya nne inabaki ya akiba. Kwa hiyo nunua nne nzuri, zote siku moja, uziandike namba na mwezi wa kununua. Mbili ziwe za asili kama mfuko unaruhusu. Hizo ndizo za kuingia kanisani au kwenye nikahi, pale pasipo na marudio. Usingoje betri ife. Kabla ya kila tukio kubwa, yaani kuingia kwa maharusi, keki, zawadi, badilisha betri hata kama imebaki 50. Ile ya 50 utaimalizia wakati wa chakula. Nina hakika kwamba hii peke yake ingekupatia keki ya Jumamosi. Kwenye begi, zilizojaa zikae maandishi juu, zilizoisha maandishi chini, ili gizani usipapase.

Na beba pawabenki pamoja na ile chaja ya nafasi mbili. Ya 10,000 mAh usidhani itajaza betri ya 1020 mara kumi. Namba ya pawabenki imepimwa kwa volti 3.7, kwa hiyo ni 37 Wh, na sehemu yake hupotea njiani katika kubadilisha volti. Tegemea kujaza betri tatu. Kwa sherehe moja hiyo ni nyingi: ya kwanza iliyoisha saa 2 usiku itakuwa imejaa kabla ya kufunga ukumbi.

Ukirekodi mahubiri au mawaidha marefu kamera ikiwa kwenye stendi, kuna betri ya bandia: umbo la NP-FW50 lenye waya unaoenda kwenye umeme au pawabenki. Nunua iliyotengenezwa kwa ajili ya betri hii hasa, na uijaribu nyumbani saa nzima kabla ya kuipeleka kazini. Ukisafiri kwa ndege kwenda Unguja au Pemba, betri za akiba zikae kwenye begi la mkononi, kamwe zisiende kwenye mzigo wa chini, na kila moja iwe kwenye kibweta chake au vidole vyake vizibwe kwa selotepu, zisigusane na funguo au sarafu.

Iwapo baada ya msimu mmoja bado utaona betri nne ni usumbufu, hapo ndipo pa kufikiria kamera nyingine, na utafute inayotumia NP-FZ100, betri iliyoanza na kamera ya Sony a9 mwaka 2017. Ina 16.4 Wh, zaidi ya mara mbili ya yako. a7 III inayoitumia ilipewa takriban picha 710 kwa skrini. Haiingii kwenye a6000, usikubali kuuziwa kwa maneno hayo. Lakini bei ya kamera hiyo na bei ya betri nne na chaja haziko karibu hata kidogo, na kamera uliyonayo bado inatoa picha nzuri sana.

Nimeiacha mwisho ile betri inayokwama, kwa sababu hiyo nataka uifanyie kazi leo kabla ya mengine yote. Betri inayoingia vizuri mwanzoni kisha ikaanza kukwama imevimba. Gesi imejaa ndani ya seli. Usiijaribu kwenye lile jaribio la video, tumia mbili zilizobaki. Usiichaji tena hata mara moja, usiitoboe kutoa hewa, usiitupe kwenye taka zinazochomwa. Kama bado imo ndani ya kamera, fungua mlango wa betri, sukuma kile kishikio kidogo cha pembeni, geuza kamera kifudifudi juu ya kitambaa na uigonge taratibu kwa kiganja. Usichokoe kwa bisibisi. Ikitoka, ziba vidole vyake kwa selotepu, itie kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu, kopo likae nje ya nyumba mbali na watoto, kisha ulipeleke kwa wanaokusanya betri chakavu. Ikikataa kutoka, usilazimishe. Usiiwashe kamera, mletee fundi aliye karibu nawe kama ilivyo.